Visheti Bora Viko Makanya

Ukiuliza mjini Same wapi wanauza visheti vya kakao vilivyo bora, hakuna atakayekutajia mahali palipo karibu yako. Ukiwa stendi watakutuma sokoni. Ukifika sokoni watakwambia hapana, vuka reli. Wa ng'ambo ya reli atakutazama kama mtu aliyepotea, akurudishe stendi kwa mama mwenye birika kubwa. Najua, kwa sababu mwaka huu nimezunguka hivyo kwa miguu yangu, na kilichonizungusha hakikuwa njaa.

Asiyevijua nimweleze kwanza. Unga wa ngano unakandwa kwa samli, unasukumwa, unapakwa samli tena, unakunjwa, unasukumwa, unakunjwa, mpaka mkono uchoke. Kisha unakatwa vipande vya ukubwa wa kidole gumba na kukaangwa kwa moto mdogo. Ndani ya mafuta vinafunguka tabaka kwa tabaka, kama kitabu kilicholowa. Vikitoka vinamwagiwa shira ya sukari iliyochemshwa na kakao, na hapo ndipo wapishi wanapoachana njia. Asiye na subira anaviacha vikiwa vinanata, vinashika vidole na karatasi. Mwenye subira anavigeuza na kuvigeuza mpaka shira ikauke na kuwa ganda la kahawia. Ukikiuma kimoja unasikia mlio mdogo, halafu tabaka zinavunjika mdomoni, na mwisho kabisa, kama mpishi ni wa huku kwetu, inakuja tangawizi ya kule milimani Mamba inakuwasha koo.

Utotoni sikuvijua. Mimi nimezaliwa Chome, juu kabisa, mahali ambapo asubuhi ukungu unaingia jikoni bila kupiga hodi. Kitu kitamu kwetu kilikuwa muwa. Nilipomaliza kidato cha nne niliondoka, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kuondoka. Kazi yangu ni kuandika kwa rangi kwenye kuta na mabati: jina la saluni, bei ya chipsi, "Usikojoe hapa". Nimeandika Singida, Kahama, Mpanda, Tunduma. Siku hizi watu wanachapisha mabango kwa mashine, lakini bado wapo wenye kuta na wasio na hela ya mashine, na hao ndio wananilisha.

Mwaka jana nilirudi. Mama alishazikwa, na nyumba ya Chome anaishi mdogo wangu na mkewe na watoto. Walinipokea vizuri sana. Walinipa kitanda cha wageni na kikombe cha wageni. Jioni moja nikamsikia mke wa mdogo wangu akimwambia mtoto, "Kampelekee mgeni maji ya kuoga." Hakukosea. Alisema kwa upole, na maji yalikuwa ya moto. Kesho yake nilishuka Same na kutafuta chumba.

Nilipopata pako nyuma ya barabara kuu, upande wa mlimani. Ni vyumba vinne kwenye mstari mmoja, kila kimoja na mlango wake, na uani bomba moja na choo kimoja. Changu ni cha tatu. Ukuta wa uani tunachangia na nyumba ya mama mmoja mjane, Mpare wa huku chini, Mwislamu, ambaye mababu zake walikuwa wakifanya biashara kwenye njia hii kabla reli haijafika. Anaishi na binti yake, fundi cherehani, mwenye mdomo unaokwenda kasi kuliko cherehani yenyewe. Niliwajua kwa sauti kabla sijawajua kwa sura, kwa sababu ukuta wenyewe ni mfupi na upepo wa Same hauna siri.

Nimelala gesti nyingi maishani, na nilidhani upweke naujua. Lakini upweke wa gesti ni mwepesi, maana kila mtu pale ni mpita njia, na asubuhi mnaachana bila deni. Wa chumba cha kupanga ni mwingine. Unawasikia watu wakiishi. Unasikia kijiko kikikwangua sufuria, mtu anacheka, mtu anaambiwa aongeze maji kwenye mchuzi. Unajua leo chumba cha pili wanakula dagaa. Na wewe umekaa kitandani na chipsi kwenye mfuko wa plastiki, unatafuna polepole ili usisikike.

Kwa hiyo asubuhi ya Idi ndogo, mlango wangu ulipogongwa, nilidhani wamekosea.

"Hodi, hodi! Jirani! Idi Mubaraka!" Alikuwa binti wa yule mjane, amevaa gauni jipya la kushona mwenyewe, mkononi sahani ya udongo iliyofunikwa kwa kawa. "Mama kasema ule, usiangalie tu."

Nilifunua kawa. Vilikuwa visheti vya kakao, vimepangwa mduara. Nilikula kimoja nimesimama, nikala kingine, nikavimaliza vyote hivyo hivyo nimesimama, maana kukaa kungenichelewesha. Katika miji yote niliyopita hakuna aliyewahi kunigongea mlango kuniletea chakula. Wapishi walikuwepo, ila wote walikuwa wanauza.

Nikataka kufanya jambo la adabu. Nikaiosha sahani ile kwa sabuni, nikaisuuza, nikaikausha kwa shati langu safi, nikairudisha kabla ya adhuhuri ili wasidhani nimeing'ang'ania. Binti aliipokea mlangoni. Aliitazama ndani, akaiinua kidogo akatazama chini yake, kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka.

"Haya," akasema.

Baada ya hapo hakuna aliyenigongea tena. Mwanzoni sikuona kitu. Kisha nikaanza kusikiliza. Siku ya chapati, siku ya kalmati, siku mama alipochinja kuku kwa ajili ya mgeni wa Tanga, miguu ya binti yule ilikuja uani kwetu. Hodi kwa wa kwanza. Hodi kwa wa pili. Ndala zikapita mlangoni kwangu, pa, pa, pa, hodi kwa wa nne. Nilijiambia labda wale ni ndugu. Lakini wa nne ni askari mgambo kutoka Rukwa, hana udugu na mtu yeyote Kilimanjaro nzima.

Ilipokuja Idi kubwa nilinyoa ndevu. Nilifagia chumba, nikatandika shuka, nikaacha mlango wazi kidogo, si sana, kiasi cha kuonyesha kwamba mtu yupo. Harufu ya kakao na samli ilivuka ukuta tangu alfajiri. Nikasikia ndala. Wa kwanza, wa pili. Zilipofika kwangu zilipunguza mwendo, nikainuka kitandani. Zikapita.

Kesho yake nilikwenda stendi kunywa chai kwa mama mwenye birika kubwa. Ni mama wa makamo, umri wangu au karibu, mnene, mcheshi, anauza chai na vitafunio kwa abiria na wapiga debe, na anajua habari za kila mtu kwa sababu hamna anayeweza kunywa chai ya moto akiwa kimya.

"Kaka, leo hata hujalalamika sukari ndogo. Una nini?"

"Jirani yangu kaninunia, na kosa silijui."

"Umemtongoza binti yake?"

"Hapana!"

"Basi labda ndilo kosa."

Watu wakacheka. Nikamweleza habari ya sahani. Alikuwa anamimina chai kwenye kikombe cha mzee mmoja, akasimamisha birika hewani.

"Uliirudisha tupu?"

"Niliiosha."

"Nakuuliza, tupu?"

"Niliiosha vizuri, dada. Kwa sabuni."

"Kwa sabuni!" mzee wa kikombe akasema, akawageukia wenzake kwenye benchi. "Jamani, kwa sabuni!"

"Kwenu wapi wewe?" mama akaniuliza.

"Chome."

"Hata Chome? Ningesikia umetoka Ulaya ningenyamaza. Kaka, chombo hakirudi kitupu. Sahani tupu inasema: asante, lakini njia hii tuifunge. Wewe mwenyewe umemfukuza mwenzio, halafu unasema kakununia."

Na papo hapo nikakumbuka. Nilimwona mama yangu jikoni Chome, chungu cha jirani mkononi, anazunguka anatafuta cha kuweka ndani. Siku nyingine viazi viwili. Siku nyingine majani ya maboga. Siku moja hapakuwa na kitu chochote, akaweka kaa la moto ndani ya chungu, akafunika, akanituma nikimbie nalo kabla halijazimika, na yule jirani akalipokea kwa mikono miwili kama nyama. Mambo hayo yote nilikuwa nayo. Niliyaacha mahali fulani njiani, sijui Singida, sijui Kahama, kwenye vitanda vya kulipia ambako chombo pekee unachorudisha ni ufunguo.

"Sasa nifanyeje?"

"Peleka kitu," mama akasema, akaendelea kumimina. "Kitu kizuri. Aone umefikiri."

Nikafikiri. Yule mama wa jirani anapenda visheti vya kakao, kwa kuwa ndivyo alivyopika sikukuu zote mbili. Basi nitamtafutia visheti vya kakao vilivyo bora kuliko vyote vinavyopatikana huku kwetu, nivipeleke mwenyewe, kwa mkono wangu. Niliona ni jambo la wazi kabisa.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuzunguka. Vya mama mwenye birika nilivijua tayari: vinanata. Sokoni kuna dada mwenye kabati la kioo, visheti vyake vinang'aa kama viatu vya harusi, lakini mafuta yake yamekaanga samaki siku za nyuma na hayajasahau. Ng'ambo ya reli kuna mzee anayefunga kwenye gazeti. Tabaka zake ni nzuri, naapa, ila kakao imepita tu ikasalimia ikaenda zake. Nilipopata kazi Lembeni, kuandika kwenye ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi, nilikula vya mama mmoja anayeuza pale magari yanaposimama. Ganda lake lilikuwa sahihi. Ila ametia iliki kwa hasira, huonji kingine mpaka jioni.

"Unatafuta visheti?" dereva mmoja aliniambia pale Lembeni, akinitazama ninavyokitoa kimoja mdomoni. "Umekuja upande siyo. Visheti ni Makanya."

Makanya ni upande wa pili kabisa, unashuka kuelekea Tanga. Nilikwenda siku isiyo na kazi. Pale ni pakavu kuliko Same, na vumbi jeupe la jasi inayochimbwa pale limekaa juu ya kila kitu, majani ya miti, mapaa, hata mbwa. Nilielekezwa kwa baba mmoja aliyekuwa akipakia jasi kwenye malori mpaka mgongo ukamkataa. Anapikia chini ya bati kando ya nyumba yake, majiko mawili, amevaa kofia ya kufuma, na mikono yake mikubwa inakunja unga kama mama anayefunga nepi.

"Nimekula vumbi jeupe ujana wangu wote," alisema alipoona namtazama. "Sasa nalisha watu la kahawia. Vya kula au vya kupeleka?"

"Vya kupeleka."

"Kwa mchumba."

"Kwa jirani."

"Jirani!" Aliweka upawa chini. "Mtu anatoka Same mpaka Makanya kwa ajili ya jirani? Huyo jirani ana nini?"

"Tunachangia ukuta."

Alikuwa na mzaha mwingine tayari, nilimwona nao mdomoni, lakini alinitazama akaumeza. Akachota visheti, akaongeza konzi moja juu.

"Mwambie akishakula hivi," alisema, "vya huko Same ataviita biskuti."

Nilikula kimoja barabarani nikisubiri gari. Sitakudanganya, ndivyo bora. Ganda linavunjika kama barafu nyembamba, tabaka hazihesabiki, tangawizi inakuja mwisho, taratibu, kama mtu mwenye adabu zake. Nilisimama pale na upepo wa malori ukinipiga, mlima mbele yangu umevaa wingu mpaka mabegani, na mahali fulani ndani ya wingu lile ni Chome. Kitu kitamu ukiwa peke yako kinaufanya mdomo utafute jina la mtu. Nilitafuta, sikupata. Nikafunga mfuko.

Mjini nilinunua bakuli jipya la plastiki lenye mfuniko, nikavihamishia humo, nikavaa shati lile nililokaushia sahani.

"Hodi."

"Karibu. Nani?"

"Jirani, mama."

"Jirani yupi?"

"Wa chumba cha tatu."

"Aa. Karibu, mgeni."

Alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Binti alikuwa kwenye cherehani karibu na dirisha. Nilimpa bakuli kwa mikono miwili, kama nilivyomkumbuka mama yangu. Akafungua mfuniko, na cherehani ikasimama.

"Visheti," akasema mama.

"Ndiyo, mama. Vya kakao. Nimevitafuta kweli. Nimepita stendi, nimepita sokoni, nimefika mpaka Lembeni. Hivi vimetoka Makanya. Wanasema ndivyo bora."

"Bora," akasema. "Bora kuliko vipi?"

Binti alicheka, akakata uzi kwa meno. "Mama, leo umeletewa mwalimu."

Nikacheka na mimi. Niliuona ni mzaha mzuri. Mama akachukua kimoja, akakiuma, nikasikia ule mlio. Alitafuna kwa muda mrefu, macho kwenye mchele.

"Anajua kukunja," akasema.

"Tena ni mwanamume," nikasema, nikiwa na furaha.

"Mama wee, tena ni mwanamume!" binti akasema, akainamia cherehani, mabega yakimtikisika.

Mama alifunika bakuli. "Asante, mgeni. Umetaabika." Akaagiza niletewe soda. Tukaongea habari za upepo, na mvua inayonyesha mlimani bila kutufikia, maneno ambayo watu huongea wakisubiri kuitwa na daktari. Kisha akavimimina visheti kwenye sinia, akaliosha bakuli langu yeye mwenyewe, akarudisha nusu ya visheti vile vile ndani yake, akanipa.

"Na wewe ule. Safari ya Makanya si ndogo."

Binti alinisindikiza mpaka nje. Nilikuwa najisikia mwepesi. Alisimama kwenye kivuli cha ukuta, akashika kiuno.

"Kaka, nikuulize, usikasirike. Mtu akikwambia shikamoo, na wewe unamjibu shikamoo?"

"Hapana. Namjibu marahaba."

"Enhee. Sasa mama yangu kakupa visheti. Wewe umemletea nini?"

Nilitazama bakuli mkononi mwangu.

"Mara ya kwanza ulimwambia asirudi tena. Leo umekuja kumwambia hajui kupika. Na umezunguka wilaya nzima ukitafuta ushahidi."

"Sikuwa na maana hiyo."

"Najua. Na yeye anajua. Angekuona mtu wake angekutukana pale pale, ungekuwa umeshasamehewa saa hizi. Wewe kakupa soda. Soda ni ya wageni."

"Sasa ningeleta nini?"

"Hata kiberiti. Hata chumvi umeifunga kwenye karatasi. Kitu cha jikoni kwako, basi."

"Jikoni kwangu hakuna kitu."

Alitaka kucheka, nikamwona akiacha. "Hata chumvi?"

"Hata chumvi."

"Basi, kaka," akasema, "tatizo siyo visheti," akarudi ndani.

Nilikaa na nusu ile ya visheti bora kuliko vyote na sikuweza kuvila. Jioni nilimpa mgambo wa Rukwa, akavila mlangoni kwake huku akiniambia vya mama jirani ni vitamu zaidi. Sikubishana naye. Yeye alikuwa amevila vya mama jirani Idi zote mbili, mimi moja.

Sufuria nilikuwa nayo moja, ya kuchemshia maji ya kuoga. Nilinunua jiko la mkaa, mahindi ya kukoboa, maharage, kitunguu, chumvi. Sikuhitaji kufikiri nipike nini, kwa sababu mtu wa Chome asiyejua kupika kitu atapika makande. Nilimwona mama yangu akiyapika kila siku ya utoto wangu, na nilidhani kuona kunatosha. Niliweka vyote kwa pamoja, nikakoleza moto, nikakaa. Nilichosahau, au ambacho sikuwahi kukijua, ni kwamba mama alikuwa akiyaloweka usiku, sisi tumelala. Mkaa uliisha nusu ya kwanza ya mchana. Niliongeza mwingine, nao ukaisha. Chini yalianza kushika, juu bado yanagonga sufuria kama kokoto. Chumba cha pili walichungulia kuuliza nachoma nini.

Nilijua hayakuiva. Lakini nilijua pia nikingoja nitaogopa, na nikiogopa nitafungasha. Nikaishika sufuria kwa matambara nikaenda nayo.

Mama alitoka mwenyewe. Aliitazama sufuria, masizi, mikono yangu. Hakuifunua.

"Umepika?"

"Nimejaribu, mama."

"Asante," akasema, akaipokea, akaingia ndani. Hapakuwa na soda. Sikujua kama hilo ni jema au baya.

Sufuria haikurudi siku ile. Wala iliyofuata. Nilianza tena kula kwa mama ntilie karibu na soko, na maji ya kuoga nikaoga ya baridi. Upande wa pili wa ukuta maisha yaliendelea: cherehani, redio, mtu anaambiwa apunguze moto. Nilijaribu kusikia sufuria yangu katikati ya sufuria zao, nikijiambia kwamba ina mlio wake kwa sababu ilibonyea upande mmoja. Nilijiona mjinga. Mtu mzima wa miaka arobaini na ushee, amekaa kitandani anasikiliza sufuria.

Katika siku hizo rafiki yangu wa Tunduma alipiga simu. Tuliwahi kufanya kazi pamoja kule mpakani, yeye anashika ngazi, mimi brashi. Kuna mtu anafungua maduka mapya, kuta ndefu, kazi ya miezi.

"Njoo wiki hii," alisema. "Ukichelewa wanaleta mtu wa mashine."

"Nangoja kitu kidogo hapa."

"Kitu gani?"

"Sufuria yangu. Iko kwa jirani."

Alicheka mpaka akakohoa. "Njoo bwana! Sufuria nitakununulia tatu, zimepandana!"

Nikamwambia nitampigia. Nilitazama chumba: begi liko chini ya kitanda halijawahi kutolewa vitu vyote, brashi ziko kwenye kopo, jiko jipya la mkaa limeshaingia masizi. Kuondoka kungenichukua muda wa kufunga zipu. Siku zote ilikuwa hivyo, na siku zote niliona ni uhuru. Nililala nikiamini sufuria ile haitarudi. Nilielewa pia kwamba mama jirani hatakuwa amefanya uonevu wowote. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba mlango wangu hauna haja.

Asubuhi ya siku ya tatu nilisikia ndala uani, lakini hazikuwa zile za kasi. Hizi zilikuwa nzito, zinaburuta kidogo. Hazikusimama kwa wa kwanza wala wa pili.

"Hodi humu."

Alikuwa mama mwenyewe, khanga imefungwa kichwani, sufuria yangu mbele ya tumbo. Hajawahi kuvuka ukuta ule mbele ya macho yangu. Nikaamka kitandani, nikamwamkia shikamoo huku natafuta shati.

"Marahaba. Vaa tu, sikutazami." Alikitazama chumba, jiko, begi chini ya kitanda. "Wewe baba, nani alikwambia yale ni makande?"

"Mama, nili..."

"Maharage yako ukiyapiga teke hapa yanafika Lembeni. Nimechemsha siku mbili, mkaa wangu umeisha, na mwanangu kavunjika kipande cha jino. Usicheke, ni kweli. Kaenda kuonyesha hospitali."

Sikuwa nacheka. Au labda nilikuwa nacheka, sijui uso wangu ulikuwaje.

"Shika."

Sufuria ilikuwa nzito. Ndani mlikuwa na maharage, mapya, mekundu, yamelala ndani ya maji, yamevimba tayari, ngozi zao zimekunjamana kama vidole vya mtu aliyefua.

"Nimekulowekea mimi tangu jana, usije ukaniambia hukujua. Mahindi utanunua. Ukishapika, usiniletee yote. Mtu mzima hampi jirani sufuria nzima akalala na njaa. Unajua kuwasha moto, au na huo unauzwa Makanya?"

"Najua, mama."

"Haya." Akageuka, akaburuta ndala zake mpaka nyumbani kwake.

Niliwasha jiko nje, uani, mahali ambapo kila mtu anaona. Nilikwenda mbio sokoni nikarudi na mahindi. Nilipokuwa nayaosha bombani simu ililia ndani, ikanyamaza, ikalia tena. Nilijua ni Tunduma. Mikono yangu ilikuwa na maji. Mgambo alipita akasema, "Leo unapika au unafukiza nyuki?" nikamwambia angojee aone. Maji yalianza kuchemka kwa mlio ambao sikuufahamu, mzito, wa chini chini. Jua lilipanda. Nilikoroga, nikaonja punje moja, ikakubali kidogo kwenye jino.

Nilishika chumvi mkononi nikasita. Upande wa pili wa ukuta redio ilikuwa imezimwa, na nilimsikia mtu akivuta kigoda.

Sikumbuki mara ya mwisho nilipomwita mtu kwa sauti kubwa pasipo kuwa juu ya ngazi.

"Mama! Chumvi nitie?"

Jibu lilivuka ukuta haraka, kana kwamba alikuwa amelishika neno mdomoni akiningoja:

"Bado!"